Likizo Unguja: mambo ya kujua kabla ya kutoka Ngara au Biharamulo

Ukitaja Zanzibar hapa kwetu Ngara au Biharamulo, wengi hufikiria hoteli za ufukweni na watalii kutoka Ulaya. Ni kweli watalii ni wengi. Lakini boti zinazovuka kila siku kutoka Dar es Salaam hubeba pia Watanzania wa kawaida: wafanyabiashara wadogo, wanafunzi, watu wanaokwenda harusini au msibani, na familia zinazokwenda kupumzika siku mbili tatu. Mkulima aliyeuza vizuri kahawa au maharage yake anaweza kuwa mmoja wao.

Kinachowakwamisha wengi ni kutojua. Boti inapandwa wapi? Tiketi inakatwa kwa nani? Ukishafika unalala wapi, na usifanye nini? Katika makala haya tunaieleza safari hiyo hatua kwa hatua. Tutakaa zaidi bandarini, kwa sababu hapo ndipo msafiri mgeni hupoteza fedha zake, na hapo ndipo usalama wake majini huanzia.

Zanzibar, Unguja na Mji Mkongwe

Zanzibar ni visiwa. Vilivyo vikubwa ni viwili, Unguja na Pemba. Mji wa Zanzibar uko Unguja, upande wa magharibi unaotazama Tanzania Bara, na sehemu yake ya zamani yenye nyumba za mawe na vichochoro vyembamba ndiyo inaitwa Mji Mkongwe. Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Bandari yake ya abiria iko Malindi, pembeni kabisa mwa mji huo wa zamani, kwa hiyo ukishuka kwenye boti umeshafika mjini.

Mtanzania hahitaji pasipoti wala viza kwenda Unguja, na fedha ni shilingi hizi hizi. Lakini kitambulisho kinatakiwa, na sisi tunaoishi karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi tunajua vizuri inakuwaje mtu akikutwa hana. Beba kitambulisho cha Taifa. Kama kadi yako bado haijatoka, ulizia mapema kwenye kampuni ya boti ni kitambulisho gani kingine wanakipokea. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho kina faida ya fedha pia: raia hulipa nauli ya boti kwa shilingi, kwa bei iliyo chini ya ile anayotozwa mgeni.

Njia yetu ya zamani

Safari ya kutoka huku kwenda Unguja si jambo jipya. Katika karne ya 19, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika ufalme wa Karagwe, jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1861 wasafiri Waingereza Speke na Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe, wakakuta biashara hiyo imekwisha kuota mizizi. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani kupitia Tabora hadi pwani, kisha zikavushwa kwa majahazi mpaka Unguja. Nguo na shanga zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Na watu pia walichukuliwa utumwani kutoka nchi za ndani. Kwa hiyo baadhi ya mambo utakayoyaona Mji Mkongwe ni historia yetu sisi pia.

Uende lini

Kwa mkulima wa huku, nafasi nzuri ni mbili. Ya kwanza ni kati ya mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, kahawa ikiwa imeuzwa na mvua za kupandia hazijashika. Ya pili ni Januari na Februari. Miezi hiyo unavuma upepo wa kaskazi, na bahari kwa kawaida ni tulivu kuliko wakati wa kusi, upepo mkali unaovuma kuanzia katikati ya mwaka. Machi hadi Mei ni masika. Vyumba hupungua bei, lakini utashinda ndani ukiangalia mvua.

Kabla ya kuchagua tarehe, angalia kalenda kwa mambo mawili. La kwanza ni mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huwahi kwa siku kama 10 au 11 kuliko mwaka uliotangulia. Mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za chakula hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kosa kubwa machoni pa wenyeji. Watu wamewahi kukamatwa na polisi kwa jambo hilo. La pili ni sikukuu. Siku za Mapinduzi, tarehe 12 Januari, za tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari na za Idi, vyumba na boti hujaa mapema.

Kutoka huku hadi Dar es Salaam

Kwa basi, njia ni Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na utaimaliza umechoka. Ushauri wetu ni huu: usipange kupanda boti siku ile ile unayofika Dar es Salaam. Basi likiharibika njiani, tiketi ya boti inaweza kupotea pamoja na fedha yake. Lala usiku mmoja, uvuke asubuhi ukiwa umepumzika.

Tangu mwaka 2024 kuna njia nyingine ya kupunguza uchovu. Unaweza kushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme ya SGR hadi Dar es Salaam, mwendo wa saa kati ya tatu na nne. Tiketi zake hukatwa pia kwa simu, na ni vizuri kukata mapema kwa sababu mwisho wa wiki hujaa. Mwenye uwezo zaidi anaweza kuulizia ndege za kwenda Dar es Salaam kutoka Bukoba au Mwanza.

Mabasi ya mikoani hushushia abiria Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo unakwenda mjini kati, upande wa Posta na Kivukoni. Boti za Unguja huondokea barabara ya Sokoine, ng'ambo ya Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Ukiliona kanisa hilo lenye mnara mrefu, geuka upande wa bahari.

Tiketi: kata mwenyewe, dirishani

Ukikaribia geti la bandari watu watakuzunguka. Mmoja atasema boti imejaa ila yeye ana nafasi. Mwingine atakuonyesha kitambulisho kilichoning'inia shingoni na kukuambia umfuate ofisini. Wa tatu atalichukua begi lako kabla hujasema neno. Si wote ni wezi. Wengine ni wapagazi wanaotafuta riziki. Lakini mgeni hana njia ya kuwatofautisha.

Fanya hivi. Usimpe mtu fedha mkononi. Ingia mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni ya boti, simama dirishani, toa kitambulisho, lipa, na subiri tiketi yenye jina lako. Kampuni zinazojulikana kwa boti za kasi ni Azam Marine, ambayo boti zake huitwa Kilimanjaro, na Zan Fast Ferries. Unaweza pia kukata tiketi kwa simu kwenye tovuti ya kampuni yenyewe ukiwa bado uko nyumbani, na kuona bei ya siku hiyo. Kama unamtaka mpagazi, patana naye bei kabla hajagusa mzigo.

Kisha soma tiketi. Je, jina ni lako, na limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Tarehe na saa ni sahihi? Hapa wengi hukosea kwa sababu ya saa. Tiketi ikisema 07:00 ni saa moja asubuhi, 12:30 ni saa sita na nusu mchana, na 16:00 ni saa kumi jioni. Fika bandarini mapema, angalau saa moja kabla ya boti kuondoka.

Kwa nini jina lako liandikwe

Wapo wanaoona kuandikisha jina ni usumbufu. Mkoa wa Kagera una sababu ya kutofikiri hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Waliokufa ni zaidi ya watu 800. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na kwa sababu hakukuwa na orodha kamili, hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika mle ndani walikuwa watu wangapi.

Baharini nako imetokea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka.

Hatusemi haya ili kukutisha. Tunayasema ili ujue kwamba kuna mambo ambayo abiria mwenyewe anaweza kuyafanya:

- Hakikisha kila mtu wa familia yako ameandikwa, na mtoto mchanga naye, hata kama halipiwi nauli.
- Usisafiri kwa tiketi ya mtu mwingine. Ajali ikitokea, jina lake ndilo litakalotafutwa, na nyumbani kwenu hakuna atakayejua.
- Ukiona watu wamejazana mpaka njiani na kwenye ngazi, una haki ya kushuka. Nauli iliyopotea inatafutwa tena.
- Ukikaa tu, angalia jaketi la kuokolea maisha liko wapi na mlango wa dharura uko upande gani.
- Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi. Zinatangazwa redioni pia. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, usigombane na wahudumu.
- Usivuke kwa jahazi au boti ya mizigo kutoka bandari bubu, hata ukiambiwa ni nusu ya bei. Huko hakuna orodha wala ukaguzi.

Boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Kama hujawahi kusafiri baharini, kula kidogo tu asubuhi, kaa katikati au nyuma ya boti sehemu ya chini, ambako haipandi na kushuka sana, na tazama mbali badala ya kutazama simu. Dawa ya kuzuia kutapika ipo kwenye maduka ya dawa. Mwulize muuzaji uimeze muda gani kabla ya safari.

Kushuka Malindi

Ukishuka Malindi andaa kitambulisho, maana unaweza kuulizwa wakati wa kutoka. Nje ya geti utakutana na vijana ambao Unguja huitwa papasi. Kazi yao ni kumpeleka mgeni kwenye nyumba ya kulala wageni au kwenye gari, kisha wanalipwa kamisheni, na kamisheni hiyo huongezwa kwenye bei yako. Ukiwa umeshaweka nafasi ya chumba, sema kwa upole, "Ahsante, nimeshapata," na endelea kutembea.

Kwa bajeti ndogo, tafuta nyumba za wageni za kawaida pande za Malindi na Darajani, au maeneo ya Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, ambako ndiko wanakoishi wenyeji wengi. Ona chumba kwanza, uliza kama chai ya asubuhi imo kwenye bei, ndipo ulipe.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe utapotea. Kila mtu hupotea. Usihangaike: tembea kuelekea upande mmoja bila kugeuka geuka, na baada ya dakika chache utatokea baharini au kwenye barabara kubwa ya Darajani.

Vya kuona bila gharama kubwa

Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, halina kiingilio. Utaona samaki wa bahari ambao hujawahi kuwaona, na viungo vya kila aina: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kuwa la kwanza kuwa na taa za umeme Unguja. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kukuingiza kabla hujathibitisha kwamba limefunguliwa. Kulitazama kwa nje hakuna malipo.

Mkunazini ndiko kulikokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Mahali hapo lilijengwa Kanisa Kuu la Anglikana. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Kuna kiingilio, uliza bei ya Mtanzania. Kama una fedha ya kuingia sehemu moja tu, tunakushauri iwe hii, hasa ukiwa na watoto wanaosoma.

Kisiwa cha Changuu kiko jirani, na boti ndogo huondokea ufukweni karibu na Forodhani. Jela iliyojengwa huko mwaka 1893 haikupata kutumika kama jela, na mahali pakageuzwa kuwa pa kuwatenga wagonjwa. Leo watu huenda kuona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Boti hukodiwa nzima, kwa hiyo ungana na wenzako mgawane bei. Boti isiyo na majaketi ya kuokolea, usiipande.

Jioni nenda bustani ya Forodhani. Kuna pweza, mishikaki, mikate ya kumimina, juisi ya miwa na urojo, supu nzito yenye ukwaju, viazi na bajia. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani. Ukiuliza baada ya kula, bei ni ya muuzaji.

Adabu za mji

Wenyeji wengi wa Unguja ni Waislamu, na mji una heshima zake. Salimia kwanza ndipo uulize njia. Mzee mpe shikamoo. Ukisalimiwa "Assalamu alaykum", jibu ni "Waalaykumu salaam", na mgeni asiye Mwislamu akisema "habari za asubuhi" hakuna anayechukia. Mjini, mwanamke avae nguo inayofunika mabega na magoti. Kanga moja kwenye begi husaidia sana. Mwanamume asitembee kifua wazi. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Pombe inauzwa katika sehemu zenye leseni, lakini kunywea barabarani ni aibu, kwa hiyo ile pombe ya ndizi iache nyumbani. Zawadi ya asali au kahawa kutoka kwetu itapokelewa vizuri zaidi.

Utasikia pia Kiswahili ambacho ndicho msingi wa kile tulichofundishwa shuleni. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ila wao shule huiita skuli.

Bahari si ziwa

Anayejua kuogelea ziwani au mtoni asidhani anaijua bahari. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mahali ulipotembea kwa miguu asubuhi panaweza kuwa na kina cha kukufunika mchana, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Waulize wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Vaa kandambili majini, maana kuna viumbe vyenye miiba kama ya nungunungu. Usiogelee karibu na bandari, na mtoto asiingie majini bila mtu mzima kando yake.

Mizigo ya kurudi nayo

Paketi ndogo za viungo hazina shida. Lakini usikubali kumbebea mtu gunia la karafuu: karafuu hununuliwa na shirika la serikali ya Zanzibar, ZSTC, na kuisafirisha kwa siri ni magendo. Usinunue magamba ya kasa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar na Bara pia. Ukinunua televisheni au vifaa vingine vya umeme, tunza risiti, kwa sababu mizigo hukaguliwa na watu wa forodha na unaweza kutakiwa kulipa ushuru. Na usipokee mzigo wa mtu usiyemjua, hata akikuambia kuna ndugu atakayeupokea ng'ambo. Ukikutwa na kitu kibaya, mwenye mzigo ni wewe.

Fedha: anza na nauli ya kurudi

Nauli na bei za vyumba hubadilika, kwa hiyo piga simu kwenye kampuni za mabasi na boti wiki moja kabla. Kisha gawa fedha mafungu matano: kwenda, kurudi, kulala, kula, na akiba ya dharura. Fungu la kurudi litenge kabla hujaondoka na usiliguse, hata ukikutana na kitenge kizuri namna gani. Weka fedha nyingi kwenye simu, na taslimu kidogo mfukoni.

Usikope kwa ajili ya likizo. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini vinaweza kufanya vizuri zaidi: wanachama kumi wakiweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima, wanaweza kusafiri pamoja, wakagawana gharama ya boti ya Changuu na ya gari, na wakachungiana mizigo bandarini.

Kabla ya kutoka nyumbani, mwandikie mtu mmoja wa familia ujumbe wenye jina la basi, jina la boti, saa ya kuvuka na jina la nyumba utakayolala. Ukifika, mpigie. Safari njema.